Madigadi ya Kushoto

Maneno yalifika kabla ya barua. Jumamosi ile, kwenye harusi ya Barking, Bi Suad alikuwa hata hajatengeneza buibui lake kitini pale mwanamke wa meza ya pili alipomgeukia na kumpa pole kwa sauti iliyotosha meza tatu.

"Pole shoga yangu. Tumesikia mzee kaingia matatani. Gari la kughushi?"

Bi Suad akasema ahsante. Akala vijiko viwili vya biriani ili isionekane ameondoka kwa hasira, kisha akaaga watu mmoja mmoja, kwa mpango, akatoka. Alifika kwao Tottenham uso ukiwa umekauka kama kaki, na mumewe alipomuuliza harusi ilikuwaje, alimjibu, "Ilikuwa na watu wengi."

Jumatatu barua ikaja. Msabaha Harith aliisoma amesimama kwenye ujia, miwani ikimning'inia nchani mwa pua. Ilitoka kwa Rupal, daktari wa meno wa Rayners Lane, ambaye marehemu baba yake alikuwa na gari la Kitaliano la mbio, Bressani nambari saba, mojawapo ya magari tisa yaliyopata kuundwa. Rupal alitaka gari hilo liandikishwe katika daftari la magari ya Bressani. Mchunguzi akaja kulipima, na alipomaliza akasema si la kweli. Liliundwa London, alisema, mwaka 1986, chini ya matao ya reli Tottenham. Ndani ya kijaluba cha dashibodi alikuta kadi ya kazi, na juu ya kadi lipo jina la fundi: M. Harith. Jina hilo ndilo atakaloliandika kwenye ripoti yake kuwa la mghushi, na ripoti itasomwa popote duniani wanapopenda magari hayo.

"Jumatano saa nne asubuhi anakuja kwangu kwa mara ya mwisho kabla ya kuandika," Rupal alimalizia. "Anko, nakuomba uje."

Bi Suad aliichukua barua, akaisoma mara mbili, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Huendi," alisema.

"Nisipokwenda wataandika."

"Ukienda watakuandika na picha. Baba Nusra, nisikilize. Wako akina Harith wangapi London hii? Sema si wewe. Kadi imesema M. Harith, haikusema Msabaha wa Chake Chake."

"Niseme uongo ili jina libaki safi?"

"Sikukwambia useme uongo. Nimekwambia usifungue mlango."

Kulikuwa na jambo ambalo Msabaha alikuwa hajawahi kumwambia hata mkewe wa miaka arubaini na mitano. Hakuwa na hakika kama ripoti hiyo ingekuwa na makosa.

Alikuwa mtoto wa mfua fedha. Mzee Harith Said alifua mafurungu, kekee na vikuku kwenye baraza yake Chake Chake, na alisifika kwa mambo mawili. La kwanza, pea yake ilikuwa pea. Ukichukua furungu la mguu wa kulia na la kushoto ukayafumba mikononi, hungejua lipi ni lipi. La pili, akiunga furungu lililovunjika, upande wa nje aliusugua hadi kidole kisihisi kitu, lakini upande wa ndani aliacha ungio kama lilivyo, limevimba, linakwaruza. Bibi harusi mmoja aliwahi kulalamika kuwa linamwasha. Mzee akamwambia, "Likuwashe, mwanangu. Siku ukiliuza, anunuaye ajue limeungwa." Watu wa Chake waliweka amana zao kwake bila kuandikiana.

Msabaha alipoondoka Pemba kijana, na baadaye kuingia London mwaka 1976 kwa njia ya Dubai, ndani ya begi lake mlikuwa na nyundo moja ya baba yake, yenye uso laini kama kioo. Nyundo hiyo ndiyo iliyompa kazi. Gurmit, Singasinga aliyezaliwa Nairobi, alikuwa na gereji ya kunyoosha bodi, na alipomwona kijana wa Kipemba akilitandaza bati la alumini juu ya mfuko wa mchanga, kulipiga kidogo kidogo mpaka likavimba kama tumbo la chungu bila kupasuka, alimwambia kwa Kiswahili, "Wewe bwana, kesho njoo saa mbili." Kesho hiyo ikawa miaka thelathini na mmoja.

Bressani lililetwa juu ya lori mwaka 1986. Lori la maziwa lilikuwa limeligonga huko Harrow, madigadi ya kushoto, bati linalofunika gurudumu, ikakunjamana kama karatasi. Msabaha hakuwahi kuona gari la namna ile. Mifupa yake ilikuwa mabomba membamba ya chuma, membamba kuliko ya baiskeli, yamesukwa kama tundu la ndege, na juu yake pamevutwa ngozi ya alumini nyembamba hata ukiibonyeza kwa dole gumba ilikubali. Hapakuwa na mstari ulionyooka popote. Madigadi za mbele zilipanda juu ya magurudumu, zikashuka mlangoni, zikapanda tena nyuma, na yote yale yalifanywa kwa nyundo na macho, pasipo mashine. Siku ya kwanza hakuligusa. Alilizunguka tu, huku Gurmit akimcheka: "Unaoa ama unatengeneza?"

Nusu ya mbele ya madigadi ile haikuokoka. Aliikata, akachukua kipimo cha madigadi ya kulia kwa makadibodi, akayageuza, akafua nusu mpya kwa wiki sita. Ndipo alipogundua kitu. Ile nusu ya nyuma iliyosalimika, ya Mtaliano mwenyewe, ilikuwa imekaa chini kidogo kuliko ya kulia, upana wa kidole kimoja, na mviringo wake ulikuwa mnene zaidi. Fundi mzembe, aliwaza Msabaha. Akaisukuma juu taratibu mpaka kushoto kukalingana na kulia kama mafurungu ya baba yake. Hakuwahi kufua kitu kizuri kama kile, kabla wala baadaye. Mwaka uliotangulia mzee wake alikuwa amefariki Chake Chake bila ya yeye kuweza kwenda kumzika, na kila pigo la nyundo lilikuwa kama kumwambia, tazama.

Hayo aliyakumbuka vizuri. Kilichomtesa ni siku ya mwisho. Gurmit alikuja akaangalia ndani ya madigadi, akaona ungio. "Hii nini? Saga. Shubiri moja huku, shubiri moja huku, iwe laini, halafu pakaza lami. Mwenye gari hataki kuona kidonda." Msabaha akasema hapana, kwao ungio la ndani haliguswi. Gurmit akapandwa na hasira, akasema hapa si Pemba, na asiposaga asije kesho. Nusra alikuwa na miezi mitatu. Baada ya hapo Msabaha alikumbuka lami, harufu yake na brashi. Kama alisaga au hakusaga, hakukumbuka; na kama alisaga, basi alikuwa ameficha ungio, na kwa kipimo cha baba yake huko ndiko kughushi. Mara ngapi amelazimika kusaga baadaye, kwenye magari mengine! Miaka thelathini na minane ilikuwa imezichanganya siku zote hizo zikawa siku moja.

Jumanne alimpigia simu Gurmit, ambaye sasa anaishi na binti yake na kutembea kwa fimbo.

"Ulisaga," Gurmit alisema bila kufikiri. "Mimi nilisimama mlangoni kwa ofisi, nikakuona na mashine mkononi. Sauti ilijaa gereji yote. Kwa nini?"

"Una hakika?"

"Msabaha, ndugu yangu, vitu vyote nimesahau, hata password ya simu hii nimesahau. Lakini siku hiyo nakumbuka, kwa sababu ndiyo siku moja tu ulinitii." Akacheka, akakohoa. "Sikia. Kama ni maneno ya korti, wewe sema hujui gari hiyo. Mimi pia sijui."

Jumatano asubuhi Msabaha alivaa koti lake la Idi na kofia. Bi Suad alikuwa jikoni, amempa mgongo.

"Mimi nimekwenda."

"Huko Barking walikuwa wakinitazama viatu," alisema mkewe bila kugeuka. "Kama kwamba hata viatu vyangu ni vya kughushi. Ukirudi na habari mbaya, mimi mtaani sitoki tena. Nimekwambia ujue."

"Nimejua."

"Funga kishikizo cha juu. Kuna baridi."

Alipanda treni ya Victoria mpaka King's Cross, akabadilisha, akafika Rayners Lane saa nne kasorobo. Gereji ya Rupal ilikuwa nyuma ya nyumba, na mlango wake ulikuwa wazi. Mle ndani, jekundu kama lilivyoondoka mikononi mwake, lilikaa gari. Rupal alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, wazazi wake ni watu wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani.

"Shikamoo Anko. Baba alikuwa akisema gari hili ni la Mtaliano mwili, lakini uso wake ni wa Msabaha."

Msabaha alitamani asingesema vile, kwa kuwa mtu aliyesimama upande wa pili wa gari aligeuka. Ndiye mchunguzi, Mbelgiji mrefu, Anselme jina lake, ana tochi ndogo na vipimo mfukoni mwa shati. Alitoa mkono kwa adabu. Hakutabasamu.

"Wewe ndiye M. Harith?" aliuliza kwa Kiingereza.

Hapo palikuwa na mlango ambao Bi Suad alimwambia asiufungue. Msabaha aliufungua.

"Msabaha Harith. Ndiye mimi."

Anselme akamweleza, polepole na bila ukali, na kule kutokuwa na ukali ndiko kulikotisha. Bressani walikuwa ndugu wawili, Turin, katika miaka ya hamsini. Hawakuchora chochote kwenye karatasi. Mkubwa alifua upande wa kulia na mdogo upande wa kushoto, na mdogo alikuwa na bega lililovunjika vitani, mkono wake haukuweza kupanda juu. Kwa hiyo kila gari walilounda lilikuwa na madigadi ya kushoto iliyoshuka kidogo, nene kidogo. Picha za zamani zilizopatikana miaka hii ya karibuni ndizo zilizofichua jambo hilo. Magari manane yameshapimwa, na yote manane taa ya kushoto iko chini, kama uso unaokonyeza.

"Hili halikonyezi," alisema Anselme. "Hili limepimwa kulia na kunakiliwa kushoto. Mghushi ndiye hufanya hivyo. Hakujua kuhusu lile bega."

Fundi mzembe! Miaka thelathini na minane Msabaha alikuwa akimwita yule mtu mzembe, kumbe alikuwa mgonjwa, na ule ugonjwa wake ndio uliokuwa sahihi yake.

"Si gari zima," alisema. "Ni madigadi hii tu, nusu ya mbele. Ya nyuma ni yao. Niliisukuma juu."

"Kila mtu husema ni kipande tu. Nimeingiza kamera ndani, nimeona lami. Magari ya kweli yana alama mahali fulani ambapo sijawahi kupataja hadharani. Hapa siioni."

Msabaha alifumba macho. Aliona tena ule upande wa ndani wa bati, na nuru ya taa ya mkononi ikipita juu yake.

"Saba," alisema. "Imekwaruzwa kwa msumari, karibu na bawaba ya mlango. Ina kistari katikati."

Kalamu ya Anselme ilisimama.

"Aliyepata kuona moja ya kweli anaweza kuikwaruza nyingine," alisema hatimaye, lakini sauti ilikuwa imepungua nguvu. "Lazima niione. Na lazima nione ungio liko wapi, na bati la nyuma yake limefuliwa na mkono gani. Tutatoa lami."

Wakati huo fimbo ikagonga sakafu. Gurmit alikuwa ameingia, amevaa kilemba cha buluu, ameletwa kwa teksi, na habari ya alama alikuwa ameisikia akiwa mlangoni.

"Mimi pia nimekuja," alisema, akimtazama Msabaha. "Mke wako amenipigia. Ameniambia, Gurmit, kama utamwacha mume wangu asimame peke yake kwa kazi uliyomwamuru wewe, usiniamkie tena." Kisha akamgeukia Mbelgiji, akasema kwa Kiingereza chake cha gereji, "Andika hivi. Nilimwambia asage. Shubiri huku na shubiri huku. Yeye alikataa, mimi nikamtisha. Kama hiyo alama yenu imepotea, mimi ndiye niliyeipoteza."

"Kama alisaga," Anselme alisema, "hapatakuwa na alama wala ungio. Nitakuwa na maneno ya wazee wawili tu. Samahani, lakini siwezi kuandika maneno."

Gurudumu likatolewa. Anselme akaleta mashine ya hewa moto na kijiti bapa cha mbao, akapiga magoti, akajaribu. Lami ilikuwa imekauka kama ganda. Bati likabonyea chini ya kijiti, likalia, naye akarudisha mkono haraka.

"Ni nyembamba mno. Naweza kuitoboa."

"Nipe mimi," alisema Msabaha.

"Siwezi kukuruhusu uguse ushahidi."

"Basi shika tochi utazame kila ninachogusa. Bati hili linanijua."

Rupal akasema, "Gari ni langu. Mpe." Anselme akasita, akampa.

Msabaha alivua koti la Idi, akalikunja, akapiga magoti juu yake. Mikono yake siku hizi hutetemeka akishika kikombe. Alipoiingiza ndani ya madigadi ilitulia. Alipasha lami kidogo, akasubiri, akaisukuma kwa kijiti kama mtu anayemenya embe bichi. Kipande kikadondoka, kingine kikafuata. Chini yake bati lilikuwa laini.

"Laini," alisema Anselme juu ya bega lake.

Gurmit alikuwa akipumua kwa kinywa. Msabaha alisogea nyuma upana wa vidole viwili. Akapasha, akasubiri. Laini. Akasogea tena. Kichwani alimwona mwanamke wa meza ya pili kule Barking, akamwona baba yake barazani, na hakujua yupi alimwogopa zaidi. Akaacha kijiti, akapitisha kidole kitupu juu ya lami iliyolainika, akibonyeza kama daktari anayetafuta mahali penye maumivu.

Kidole kikakwama.

Palikuwa na tuta. Lilipanda na kushuka, linakwaruza, limevimba, linawasha ngozi. Alilifuata kwa kidole kutoka juu mpaka chini, na lilikuwa zima, halijaguswa na jiwe la mashine hata mahali pamoja.

"Liko hapa," alisema kwa Kiswahili. "Gurmit, liko hapa. Sikusaga."

"Lakini nilikuona! Nilisikia mashine!"

Hapo ndipo ilipomrudia, yote kwa mara moja, mpaka akaanza kucheka akiwa bado amepiga magoti. "Ulisikia mashine, Singasinga wee. Nilichukua kipande cha bati chakavu nikakisaga robo saa nzima, ili usikie sauti ukanywe chai yako kwa amani. Halafu nikapakaza lami haraka haraka kabla hujaja kuangalia."

Gurmit akagonga fimbo sakafuni. "Mpemba wewe," alisema. "Hata siku moja. Hata siku hiyo moja hukunitii."

Anselme hakuelewa neno, wala hakuuliza. Alikuwa ameshachukua tochi na kulala chali chini ya bawaba. Nyuma ya tuta, mapigo ya nyundo yalibadilika. Yalikuwa mapana, yameelemea upande mmoja, ya mkono usioweza kupanda juu. Akaomba kijiti, na safari hii Msabaha akamwelekeza mahali pa kupasha. Lami ikabanduka kwa kipande kimoja kama gamba. Saba ilikuwepo, na kistari chake katikati.

Mbelgiji alikaa chini ya gari kwa dakika nyingi. Alipotoka, nywele zake zilikuwa na vumbi na alipeana mkono na Msabaha mara ya pili, kwa namna nyingine.

Rupal alileta chai. Anselme alifungua kompyuta yake juu ya boneti la gari dogo la Rupal, akafuta maneno, akaandika mengine, kisha akasita.

"Gari ni la kweli, hilo nimeshaandika. Lakini lazima nieleze kwa nini halikonyezi. Kwa wapenzi wa Bressani, bwana, hilo ni kosa kubwa. Umbo la mdogo wa Bressani limepotea hapo." Akashusha sauti. "Ninaweza kuandika, 'fundi asiyejulikana wa London.' Hakuna atakayeuliza. Nadhani ingekufaa."

Ilikuwa takrima, na Msabaha aliipokea kama takrima, akaifikiria. Ndilo hasa alilolitaka Suad tangu mwanzo, jina lisiwemo. Angerudi nyumbani, aseme yameisha, na Barking wakose la kusema.

Aliitazama ile madigadi. Ilikuwa nzuri bado, nzuri na ya makosa.

"Andika jina," alisema. "Msabaha bin Harith bin Said, wa Chake Chake, Pemba. Andika kwamba aliiunga mwaka 1986, na kwamba aliisawazisha kwa kuwa hakujua. Alidhani aliyeifua alikuwa mzembe. Hilo nalo liandike."

"Hayo yote?"

"Yote. Ndani na nje."

Alipotoka nje alimpigia mkewe simu. Ilipokelewa kabla ya mlio wa kwanza kwisha.

"Wameandika nini?"

"Wameandika gari ni la kweli."

"Alhamdulillahi. Na jina lako wameliacha nje?"

"Limo. Langu na la baba. Nimewataka walitie. Na kosa langu limo." Akamweleza kosa, kwa ufupi, akiwa amesimama pembeni ya ukuta kukwepa upepo.

"Kwa hiyo," Bi Suad alisema, neno moja moja, "watasoma duniani kote kwamba mtoto wa Harith Said aliharibu gari la Mtaliano kwa kulifanya zuri kupita kiasi."

"Ndivyo ilivyo."

"Na kwamba ungio hakuficha."

"Na hilo."

Akavuta pumzi. "Mwambie huyo Mzungu akupe nakala mbili. Alhamisi kuna maulidi Barking, kwa Bi Afra. Na yule wa meza ya pili atakuwepo."

"Nakala mbili za nini?"

"Moja nitampa asome," alisema Bi Suad. "Ya pili ni ya kumsomea, akisema hakuja na miwani."